Kitambo Kuprinti Haikuwa Kubonyeza Tu, na Herufi za Amu Ziliachwa Nje

Sai ukiwa Lamu na unataka kuprinti fomu, stori ni rahisi: unamtumia msee wa saiba kwa WhatsApp, unatoa doo, unabeba karatasi yako. Masee walionunua kompyuta za kwanza za nyumbani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walitoka mbali. Ilibidi uandike amri mwenyewe. Na kama ungetaka Kiswahili vile wazee wa Amu, Pate na Siyu walikiandika, kazi ingekuwa mara mbili.

Amri zilikuwa hivi

ZX Spectrum (Uingereza, 1982): PRINT iliandika kwa skrini. Ukiongeza L mbele, LPRINT, maneno yanaenda kwa printa. LLIST ilitoa programu yote, COPY ilitoa skrini venye ilivyo. Printa yake ndogo, ZX Printer, haikuwa na wino. Ilichoma kwa cheche karatasi ya rangi ya fedha, herufi 32 kwa mstari.

BBC Micro (Uingereza, 1981): VDU 2 ilifungua printa, na kila kitu cha skrini kikaenda pia kwa karatasi. VDU 3 ilifunga.

Commodore 64 (Marekani, 1982): OPEN 4,4 halafu CMD 4 halafu LIST. Ukimaliza, PRINT#4 na CLOSE 4. Ukisahau hizo mbili za mwisho, majibu ya mashine yanaendelea kwenda kwa printa na wewe unakodolea skrini.

Mashine tatu, rada moja: fungua njia, tuma, funga.

Shida ya herufi

Kilichotumwa kwa printa si herufi, ni namba. A ni 65, B ni 66. Printa inapokea namba, inachora umbo ambalo kiwanda kiliiwekea ndani. Na maumbo hayo yalikuwa ya Kizungu.

Lakini huku Lamu, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Siyu ilikuwa na jina kwa kunakili Misahafu kwa mkono. Utendi wa Tambuka wa Pate, ambao kwa kawaida hupewa mwaka 1728, umeandikwa kwa hati hiyo. Tena Kiarabu chenyewe hakina "p" wala "ch", so kuna waandishi walioongeza nukta: "p" ikapata nukta tatu chini.

Njia ya kupenya

Printa za sindano kama Epson FX-80 zilikuwa na mlango wa nyuma. Ukituma CHR$(27) na "K", kisha idadi ya nguzo, printa inaacha kuchora herufi na inapiga nukta unazotaka. Kila nguzo ina nukta 8, na kutoka juu thamani zake ni 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Unajumlisha zile unazotaka.

Tuseme mstari wa "p" unapita kwenye 16, na nukta tatu ziko chini, mbili juu ya moja. Nguzo tatu za hapo zinakuwa 18, 17, 18. Hiyo ni kipande tu cha herufi moja! Na kwa sababu nguzo zinahesabiwa kutoka kushoto, ubeti unaosomwa kutoka kulia ilibidi uupange kinyume. Manze, mwandishi mwenye kalamu angekuwa ameshamaliza ukurasa.

Mambo yalibadilika wakati toleo la kwanza la Unicode, 1991, lilipozipa herufi za Kiarabu namba zao, pamoja na ile "p" ya nukta tatu. Ndo maana sai simu yako inaiandika bila stress.

Kwa mashine, herufi isiyo na namba ni kama haipo. So kama kwenu kuna karatasi za bibi za hati hiyo, usizitupe. Ziscan, mwombe anayejua kuzisoma akusomee, halafu uzitaipu. Printa ya saiba haina kisingizio tena.