Sheria ya Lanterman na vituo vya kanda vya California

Sheria ya Lanterman ni sheria ya jimbo la California, Marekani, inayompa mkazi yeyote mwenye ulemavu wa ukuaji haki ya kupata huduma anazohitaji kwa maisha yake yote. Ilipitishwa mwaka 1969 na kutiwa saini na Ronald Reagan, aliyekuwa gavana wakati huo. Utekelezaji wake umo mikononi mwa vituo vya kanda 21. Hivi si ofisi za serikali. Ni mashirika yasiyo ya kibiashara yaliyofunga mkataba na idara ya jimbo inayosimamia huduma hizo. Kaunti ya Los Angeles peke yake ina vituo 7. Watu wanaohudumiwa wamepita 400,000, na wengi wao wanaishi nyumbani na wazazi au ndugu zao.

Kabla ya sheria hiyo mzazi wa mtoto mwenye ulemavu huo alikuwa na njia mbili: alee mwenyewe bila msaada, au ampeleke mtoto kwenye hospitali ya serikali na kumwacha huko. Hospitali kongwe kati ya hizo, ile ya Sonoma, ilikuwa Eldridge tangu 1891. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 hospitali hizo zilikuwa na watu zaidi ya 13,000, na maelfu wengine walikuwa wakingoja nafasi. Wazazi waliochoka kungoja ndio waliolisukuma bunge. Mwaka 1966 vilianzishwa vituo viwili vya majaribio, kimoja San Francisco na kingine Los Angeles, na miaka mitatu baadaye mpango ukaenezwa jimbo zima. Mbunge aliyeubeba, Frank Lanterman, alikuwa Mrepublikan wa La Cañada, mhafidhina ambaye pia alikuwa mpiga kinanda wa majumba ya sinema. Anayedhani sheria za namna hii hutungwa na wanasiasa wa mrengo wa kushoto tu, hapa atakuwa amekosea.

Mwanzoni sheria iliwahusu wenye ulemavu wa akili pekee. Katika miaka ya 1970 ikapanuliwa kuhusisha mtindio wa ubongo, kifafa na usonji, pamoja na hali nyingine zinazofanana na ulemavu wa akili au zinazohitaji matunzo ya aina hiyo. Hali hiyo iwe imeanza kabla ya umri wa miaka 18, iwe ya kudumu, na iwe inamzuia mtu kwa kiasi kikubwa katika maisha yake ya kila siku. Watoto walio chini ya miaka 3 wana mpango wao, wenye masharti nafuu zaidi.

Kinachoitofautisha California na majimbo mengi ni kwamba haina foleni ya kisheria. Huko Texas familia huandikisha mtoto kwenye orodha ya kusubiri huduma za Medicaid, bima ya afya ya umma, na miaka zaidi ya kumi inaweza kupita kabla jina lake halijaitwa. Huko California, idara ilipojaribu kupunguza aina fulani za huduma ili kubana matumizi, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua mwaka 1985 kwamba haina mamlaka hayo: huduma hizi ni stahiki ya mtu, na kinachoamua apate nini ni mpango wake binafsi.

Mpango huo hupangwa kikaoni, na hapo ndipo sheria hukutana na maisha. Chukua mama mwenye kijana wa miaka 14 asiyeongea, ambaye mlango ukiachwa wazi hutoka mbio hadi barabarani. Anaomba saa za mtu wa kumshikia zamu ili apumzike. Kabla ya kukubali, mratibu wa huduma wa kituo atauliza: shule inatoa nini? Bima je? Mpango wa jimbo wa kulipia matunzo ya nyumbani, ambao huweza kumlipa hata mzazi, umeshaombwa? Maswali hayo si ya ubahili wa mratibu. Sheria yenyewe inataka kituo kilipe pale tu ambapo hakuna mwingine anayepaswa kulipa. Ombi likikataliwa, kituo lazima kitoe sababu kwa maandishi, na mama anaweza kukata rufaa. Mkalimani pia ni haki yake, hata kama lugha ya nyumbani ni Kiswahili.

Lakini haki inayopatikana kwa kuomba humfaa zaidi anayejua kuomba. Takwimu ambazo vituo vinalazimika kuzitangaza kila mwaka zimeonyesha mara kwa mara kwamba fedha zinazotumika kwa mteja mmoja wa asili ya Kilatino ni kidogo kuliko zinazotumika kwa mteja mzungu. Lugha, saa za kazi za wazazi na uzoefu wa kubishana na ofisi vyote vina mchango. Jimbo limetenga fedha za kupunguza pengo hilo, ila bado lipo.

Bunge nalo linaweza kupunguza kile ambacho idara imezuiwa kukipunguza. Katika mdororo wa uchumi wa 2009 liliweka kikomo cha saa 90 za mapumziko ya mlezi kwa kila miezi mitatu, na likasimamisha malipo ya kambi na michezo. Kikomo cha saa kiliondolewa baadaye. Kambi na michezo vilirudishwa 2021.

Hospitali za zamani zimefungwa moja baada ya nyingine: Agnews mwaka 2009, ile ya Pomona iliyopewa jina la Lanterman mwishoni mwa 2014, Sonoma mwaka 2018. Ya Porterville imebaki na sehemu yenye ulinzi, kwa watu waliofikishwa huko kupitia mahakama za jinai.

Tangu 2021 mteja yeyote aliyekwishatimiza miaka 3 anaweza kuchagua kusimamia bajeti yake mwenyewe: akaajiri amtakaye, hata jirani, huku malipo yakipitia kwa msimamizi wa fedha. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kukomesha vibali vilivyowaruhusu waajiri kuwalipa watu wenye ulemavu chini ya kima cha chini cha mshahara, na tarehe ya mwisho ikawekwa 1 Januari 2025.