Kukaza na Kulegeza: Historia Fupi ya Klachi na Vitenzi Vyake

Miaka mingi iliyopita tuliletewa ofisini karatasi za maelekezo ya utunzaji wa magari ili tuzihakiki kabla hazijapigwa chapa. Zilikuwa kurasa nne tu, zimefasiriwa kutoka Kiingereza, nasi tulizipitia kwa haraka tukisahihisha alama za vituo na upatanisho wa ngeli. Mahali palipohusu klachi mfasiri alikuwa ameandika: "Klachi ikianza kuteleza, ikazwe." Hatukuona kosa. Sentensi ilikuwa fupi, sarufi yake ilikuwa safi, tukatia sahihi.

Fundi mmoja aliyepewa karatasi hizo alizitii kama zilivyo. Gari lilikuwa Volkswagen ndogo, kuukuu lakini zima, nalo lilikuwa likipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Halikufika. Katika zile kona za mlimani klachi iliungua kabisa, injini ikabaki ikinguruma na gari limesimama. Fundi wa pili, aliyekwenda kulitazama, hakumlaumu mwenzake wala dereva. Aliuliza jambo moja tu: ni nani aliyeandika neno "ikazwe"?

Swali lile lilitufikia, na tangu siku hiyo tumekuwa na deni. Katika makala haya tunakusudia kulipa sehemu yake, kwa kueleza klachi ilitoka wapi, na jinsi kitenzi kilicho sahihi kabisa kwa breki kilivyogeuka kuwa hasara kilipohamishiwa kwa jirani yake.

Motokaa ilipoingia katika nchi zetu mwanzoni mwa karne ya 20 haikukuta lugha tupu. Usukani ulikuwapo majahazini karne nyingi kabla haujapachikwa mbele ya dereva. Parafujo lilikwisha kuletwa na Wareno. Lakini klachi haikuwa na ndugu chomboni. Jahazi husukumwa na upepo, na nahodha akitaka kusimama hutua tanga. Hana kitu kinachozunguka ambacho lazima akitenge na kingine bila ya kukizima. Kwa hiyo neno lilichukuliwa zimazima kutoka Kiingereza, likaja pamoja na gia, breki na springi.

Hatusemi kwamba kulikuwa na aibu katika kukopa huko. Tunachotaka msomaji akione ni kwamba neno la Kiingereza lilizaliwa na kitenzi, yaani kushika kwa nguvu kama kwa kucha. Wajerumani huita kifaa hichohicho Kupplung, nao hutazama kuunganisha. Kila lugha ilikuwa na picha yake. Sisi tulipokea sauti, picha ikabaki ng'ambo, na tukawa na nomino isiyo na kitenzi chake. Nomino ya namna hiyo haikai bila ya mwenzi. Mafundi waliipa vitenzi vya nyumbani, navyo, kama tutakavyoona, vilikuwa vizuri. Sisi wa ofisini tuliipa kitenzi cha breki.

Haja ya klachi ilitokana na tabia ya injini ya petroli. Injini ya mvuke huweza kuanza kuvuta mzigo ikiwa imesimama, lakini ya petroli haiwezi: ni lazima kwanza izunguke, ndipo ikabidhiwe mzigo polepole. Gari ambalo Karl Benz alilipatia hataza mwaka 1886 lilitatua jambo hili kwa ukanda. Dereva aliusogeza ukanda kutoka katika roda iliyozunguka bure hadi katika roda iliyokazwa kwenye mhimili, na gari likaanza kwenda. Miaka 5 baadaye, mwaka 1891, Panhard na Levassor huko Ufaransa waliunda gari lenye injini mbele, kisha klachi, kisha gia, na nguvu ikapelekwa magurudumu ya nyuma. Mpangilio huo ulifuatwa na watengenezaji wengi kwa miaka mingi sana.

Klachi nyingi za wakati ule zilikuwa na umbo la pia: pia moja imeingia ndani ya nyingine, na kati yake ngozi ya mnyama. Ngozi ilikuwa na matatizo yake. Ikikauka, ilishika ghafla na gari likaruka kama punda aliyepigwa. Dereva akailainisha kwa mafuta, na mafuta ya nyonyo yalikuwa miongoni mwa yaliyosifiwa. Ikilowa mno, iliteleza, naye akainyunyizia unga wa udongo mkavu. Hivyo tangu siku za mwanzo klachi ilikuwa na magonjwa mawili yanayopingana, na dawa ya moja ilikuwa sumu ya lingine. (Tunakiri kwamba tunaipenda habari hii ya ngozi, kwa sababu lugha yetu inalo neno "bitana" kwa kitambaa cha ndani ya nguo. Laiti lingekumbukwa mapema, huenda leo fundi angesema bitana ya klachi wala asiseme lainingi. Lakini lainingi imekwisha kukaa, nasi hatuna nia ya kuing'oa.)

Baadaye ngozi iliachwa. Mwingereza Herbert Frood, aliyeanza kazi mwaka 1897 katika jimbo la Derbyshire, husimuliwa kuwa aliona wakulima wakifunga viatu vikuukuu katika breki za mikokoteni yao, akatafuta kitu bora zaidi cha kutilia msuguano. Kiwanda chake kiliitwa Ferodo, jina lililotokana na kupangua herufi za jina lake la ukoo. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 20 asbesto ikaingia, kwa kuwa huvumilia joto. Kufikia miaka ya 1920 pia ilikuwa inaishiwa na nafasi, na mahali pake ikashika sahani moja kavu, ambayo ndiyo msingi wa klachi tunayoizungumzia.

Hapa hatuna budi kwenda taratibu, maana ndipo kosa letu lilipozaliwa.

Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma ambalo mafundi huliita flaiwili. Mbele yake huwekwa sahani ya klachi, yenye lainingi pande zote mbili, na juu yake sahani ya kubana, inayosukumwa na springi. Springi ndizo zinazobana, wala si mguu wa dereva. Dereva akikanyaga pedali hafungi kitu, anafungua. Mguu wake huvuta kebo, kebo huvuta mkono, mkono husukuma beringi, nayo beringi huzisukuma ncha za vidole vya sahani ya kubana, na sahani ya klachi huachiliwa. Akiinua mguu, springi hurudia kazi yake.

Sasa tufikirie lainingi imelika. Sahani ya kubana husogea mbele kuifuata, karibu zaidi na flaiwili. Lakini vidole vyake vimeegemezwa katikati kama bembea ya watoto: upande mmoja ukienda mbele, mwingine hurudi nyuma. Kwa hiyo ncha za ndani huikaribia beringi. Pale palipokuwa na pengo dogo, pengo hupungua. Hatimaye beringi huzigusa ncha hizo daima, hata mguu usipokuwapo, na springi hazibani tena kwa nguvu zao zote. Klachi huteleza, na kwa kuteleza hulika zaidi.

Katika breki mambo ni kinyume. Lainingi ya breki ikilika, pengo huongezeka na pedali huenda chini. Fundi hukaza, na anafanya vyema. Katika klachi ya namna hii, kulika kwa lainingi hupunguza pengo, na dawa yake ni kulegeza kebo. Anayekaza huondoa hata kile kidogo kilichosalia. Ndivyo tulivyofanya kwa kalamu yetu.

Mafundi walikuwa wamekwisha kuyajua haya, nao waliyatia katika vitenzi. Husema klachi inateleza: injini hupandisha mzunguko lakini gari haliongezi mwendo, hasa mlimani na likiwa na mzigo, na pengine harufu ya kuungua husikika. Husema klachi haiachii: pedali imekanyagwa hadi chini na bado gia inakwaruza, hasa ya kwanza na ya kurudi nyuma. Husema inatetemeka, gari linapoondoka kwa mitikisiko. Na dereva akisema klachi inashika juu, maana yake ni kwamba gari huanza kwenda pedali ikiwa karibu kumaliza kupanda. Hiyo ni dalili ya mapema, na ni ya kusikilizwa. Mtumishi anayejaza hati ya matengenezo na kuandika "klachi mbovu" huyafuta yote hayo kwa maneno mawili. Kuteleza na kutoachia ni magonjwa yanayopingana, na kebo hurekebishwa kwa kila moja kuelekea upande wake.

Kupima si kazi kubwa. Gari husimamishwa mahali tambarare pasipo na watu mbele, breki ya mkono huvutwa barabara, gia ya tatu au ya nne huingizwa, kisha pedali huachiwa polepole huku injini ikipewa mafuta kiasi. Klachi nzima huizima injini. Klachi inayoteleza huiacha iendelee kunguruma. Jaribio hili lifanywe mara moja tu, kwa kuwa lenyewe huila lainingi. Kwa kutoachia, injini iachwe izunguke polepole, pedali ikanyagwe hadi chini, dereva asubiri kidogo, ndipo aingize gia ya kurudi nyuma. Ikikwaruza, klachi haijaachia.

Kwa marekebisho tutabaki na Volkswagen yetu, maana ndilo gari lililotufundisha, na pia kwa sababu barabara za Afrika Mashariki zililijua sana: aina hiyo ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Utengenezaji wake ulikoma huko Meksiko mwaka 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21, lakini bado yapo yanayotembea. Pedali yake ikisukumwa kwa kidole lazima iende bure milimita 10 hadi 20 kabla ya kukutana na ugumu. Ikiwa chini ya hapo, fundi huingia chini ya gari, upande wa kushoto wa giaboksi, ambako kebo huishia katika nati. Katika magari ya baadaye nati hiyo ina masikio mawili yanayozungushwa kwa vidole na kukaa katika vishimo vyake. Huilegeza kidogo, hukanyaga pedali mara kadhaa, hupima tena. Ikiwa mwendo wa bure umezidi na gia zinakwaruza, hapo ndipo hukaza. Nati ikifika mwisho wa hesi na pengo bado halipatikani, lainingi imekwisha na injini haina budi kushushwa. Vilevile, ikiwa pengo ni sahihi na klachi bado inateleza, huenda mafuta ya injini yamevuja yakailowesha lainingi, na hakuna nati itakayoponya hilo.

Neno moja kuhusu vumbi. Lainingi za magari ya zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu bila ya kutoa taarifa. Lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji. Maelekezo mengi ya zamani yalisema "safisha kwa upepo", na mfasiri wa leo anayekutana na sentensi hiyo asiifasiri bila ya kuuliza.

Tukirudi kwenye istilahi, orodha zetu kwa desturi zimekuwa za nomino. Klachi imo, lakini kuteleza kwa klachi na kuachia kwa klachi mara nyingi havimo, kana kwamba maneno yaliyokwisha kujulikana na kila mtu hayana haja ya kuandikwa. Sisi tunaona kinyume. Kwa ile nafasi ambayo pedali huenda bila ya kufanya kazi tunapendekeza "mwendo mtupu", nasi tutafurahi kupata lililo bora kutoka kwa walimu wa ufundi. Kuhusu "rekebisha", tunaomba mfasiri asilitumie peke yake mahali ambapo mkono wa fundi unaweza kwenda pande mbili, aongeze upande.

Zile kurasa nne zilipigwa chapa upya baada ya miezi michache. Mahali pa ile sentensi yetu palisomeka: "Klachi ikianza kuteleza, pimeni kwanza mwendo mtupu wa pedali. Ukiwa umepungua, legezeni kebo mpaka urudi. Msikaze."