Nani Aliyegandisha Mursik ya Bingwa?

Oktoba 1964, mjini Tokyo, Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho alimaliza wa tatu katika mbio za mita 800, akaipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki. Miaka minne baadaye alichukua fedha Mexico. Siku hizi bingwa kutoka nchi ya majani chai akitua Nairobi, hukabidhiwa kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, na kamera zote humgeukia anapopiga funda la kwanza.

Kibuyu kile kina kazi ya siku kadhaa. Tawi la senetwet huchomwa, makaa yake yakasuguliwa ndani ya sotet, yaani kibuyu, iliyokwisha kusafishwa; maziwa yaliyochemshwa yakapoa humiminwa humo, yakaachwa yagande. Kwa Wakipsigis hiyo ni kazi ya akina mama. Kibuyu kisiposafishwa vizuri, maziwa yote huharibika. Picha ya gazetini haimwonyeshi mama huyo.

Hata sikukuu ya mashujaa wa Kenya ilianza kwa jina la mtu mmoja. Oktoba 20, 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kuwakamata Jomo Kenyatta na wenzake. Baada ya uhuru, tarehe hiyo ikawa Siku ya Kenyatta, mpaka Katiba ya 2010 ilipoiita Siku ya Mashujaa. Mwaka 2023 sherehe za kitaifa zilifanyika Kericho.

Lakini Kericho ina deni la zamani zaidi, kwa watu wasiotajwa. Sheria ya kikoloni ya 1934 iliwang'oa watu wa ukoo wa Talai, wazee kwa watoto, ikawapeleka Gwassi karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Vitabu huwataja orkoiik, viongozi wao. Waliopika, waliouguza na kuzika huko kwa karibu miongo mitatu hawana ukurasa.

Huko Siongiroi, Bomet, wakulima wana kiwanda chao cha kupozea maziwa. Maziwa yaliyochacha hayapokelewi, kwa hiyo ng'ombe hukamuliwa alfajiri, mvua inyeshe, mkamuaji awe na homa. Karo ya shule hutoka kwenye maziwa hayo. Na mbio nazo, kwani mkimbiaji kijana asiyeingiza hata senti bado anakula nyumbani.

Sheria ya Mashujaa ya 2014 iliunda baraza la kuwatambua wanaostahili. Mimi ningepeleka jina la mkamuaji mmoja wa Siongiroi, ingawa najua atakachouliza kwanza: siku ya sherehe, nani atamkamulia?