Matabaka katika Bakuli la Dada

Wasikilizaji wangu, mwaka juzi mwishoni mwa Oktoba nilikuwa mgeni wa dada yangu huko Houston, jimbo la Texas. Jioni moja alinitwisha bakuli kubwa la kioo akasema, "Mdogo wangu, leo hukai kwenye kochi. Ponda maparachichi." Watoto wa mtaa walikuwa na sherehe ya Halloween, naye aliahidi kupeleka kile chakula cha kuchovya chenye matabaka.

Chini tulitandaza maharage yaliyopondwa, kisha jibini iliyokwaruzwa, kisha nyanya zilizokatwakatwa na pilipili. Juu kabisa parachichi lenye ndimu na chumvi. Dada akatia krimu chachu katika mfuko wa plastiki, akautoboa pembeni, akachora utando wa buibui. Buibui mwenyewe alikuwa zeituni nyeusi. Watoto walishangilia. Mimi niliinama kutazama ubavu wa bakuli, maana kioo hakifichi kitu.

Maharage, nyanya, pilipili, parachichi, hata mahindi ya vile vipande vya kuchovyea, vyote vililimwa Mexico kabla Mzungu hajafika. Waazteki waliliita parachichi ahuacatl. Lakini jibini na krimu hawakuwa nazo, kwani hawakuwa na ng'ombe. Hao waliletwa na Wahispania, ambao Hernán Cortés alitua nao mwaka 1519, na kufikia 1521 mji wa Tenochtitlan ulikuwa umeanguka kwa upanga na kwa ndui. Kile cheupe katika bakuli kilikuja hivyo.

Texas yenyewe ilikuwa ya Mexico hadi 1836, ikaingia Marekani mwaka 1845. Kuna familia hazikuhama hata hatua moja, zikajikuta ugenini.

Mwaka huohuo wa 1845 ugonjwa wa viazi uliingia Ayalandi. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakakimbia, wengi wao kwenda Marekani. Walibeba desturi yao ya mkesha wa Watakatifu Wote, iliyochanganyika na mila za kale za kufunga msimu wa mavuno. Kwao walichonga taa kwa tanipu. Ugenini wakakuta boga, kubwa na jepesi kuchonga. (Wale wanaosema Halloween ni sherehe ya mashetani, mimi nilichokiona ni watoto na peremende.)

Chakula chenyewe cha matabaka kilipata umaarufu Marekani miaka ya 1980. Na hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Tangu 1914 serikali ya Marekani ilikuwa imepiga marufuku maparachichi ya Mexico, kwa hoja ya wadudu wa kokwa. Marufuku ilianza kulegezwa miaka ya 1990 tu, na wakulima wa California waliipigania mpaka mwisho. Yaani Wamarekani walikuwa wakichovya na kusifu ladha ya Mexico, huku mkulima wa Mexico amezuiliwa mpakani na tunda lake.

Siwasimulii haya kwa kujifurahisha. Wakulima wetu wa Rungwe na Njombe, na wenzao wa Murang'a, sasa wanauza ng'ambo parachichi aina ya Hass, lililopewa jina la Rudolph Hass wa California aliyelisajili mwaka 1935. Mdudu mmoja katika shehena, au karatasi moja isiyogongwa muhuri, na jasho la msimu mzima linaoza bandarini.

Pale kwenye sherehe alikuwapo bibi mmoja wa Kimexico na mjukuu wake. Alionja kidogo, akatabasamu kwa adabu, akamwambia dada kwamba kwao hakipo chakula kama hiki. Halafu akaliona parachichi moja lililobaki mezani. Aliligeuza akasoma kile kikaratasi: Michoacán. Akakibandua polepole, akakibandika kifuani pa mjukuu wake, juu ya vazi jeusi la popo.