Neno la Kinga Lililogeuka Laana

Katika vitabu vya Harry Potter, uchawi wa kukinga mara nyingi huitwa kwa Kilatini. Protego maana yake ni "ninakinga". Expecto Patronum ni "namngoja mlinzi". Hermione anapozunguka hema msituni akinuia neno baada ya neno, mimi huona zindiko, lile linalowekwa nyumbani au shambani ili baya lisipite. Lakini Avada Kedavra, laana ya kuua, haina uganga wa kuizuia.

J. K. Rowling ameeleza kuwa laana hiyo ina uhusiano na abracadabra. Hapo ndipo historia inaponishangaza, kwa sababu abracadabra ilikuwa kinga. Shairi la tiba la Quintus Serenus Sammonicus, lililoandikwa kwa Kilatini zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, linamwelekeza mwenye homa aliandike neno hilo mstari baada ya mstari, kila mara akipunguza herufi moja, mpaka ibaki moja. Herufi 11, mistari 11. Kisha aifunge karatasi kwa uzi wa kitani na kuivaa shingoni. Neno likipungua, homa nayo ipungue. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa zaidi: hiyo ni hirizi.

Tauni ilipoingia London mwaka 1665, watu waliikimbilia tena. Daniel Defoe, katika kitabu chake cha mwaka 1722 kuhusu tauni hiyo, anawataja waliovaa pembetatu ya abracadabra, na jinsi mikokoteni ya maiti ilivyowazoa pamoja nayo. Siwacheki. Madaktari hawakuwa na dawa, na matajiri walikuwa wamekwisha kukimbia mji.

Tauni hiyohiyo ilifika Eyam, kijiji cha Derbyshire. Mwaka 1666, wakiongozwa na mchungaji William Mompesson, wanakijiji walikubali kujifungia ili wasiwaambukize majirani. Chakula kiliachwa mpakani, nao wakalipa kwa sarafu zilizotiwa kwenye siki. Walikufa zaidi ya 200, akiwemo Catherine, mke wa mchungaji. Husimuliwa kuwa vijiji jirani vilinusurika.

Nikirudi kwenye riwaya, naona Rowling amefuata njia hiyo, ajue asijue. Kilichomwokoa Harry akiwa mchanga si neno. Lily, mama yake, aliambiwa asogee apate kuishi, akakataa, akafa yeye. Kinga ikabaki katika damu ya mtoto.

Hirizi humlinda anayeivaa. Watu wa Eyam walijifanya wenyewe kuwa zindiko la watu wengine, na mpaka wa zindiko hilo ulikuwa mawe waliyoahidi kutoyavuka. Kati ya kinga zote nilizozisoma, hiyo ndiyo ninayoiamini, na ndiyo ninayoiogopa, maana gharama yake hulipwa na anayeiweka.