Fremu ya Kupanga

Kujitangaza si jambo geni kwa wafanyabiashara wetu. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa alizitia kanga zake chapa "Mali ya Abdulla", na kila aliyejifunga kanga hiyo akawa anamtangaza. Zilipokuja M-Pesa mwaka 2007, WhatsApp 2009 na Instagram 2010, muuza vitenge aliweza kuonyesha bidhaa na kupokea malipo bila kukodi fremu. Lakini tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa saa sita hivi. Ndipo nilipotambua kuwa hiyo nayo ni fremu ya kupanga, mwenye nyumba yuko Marekani. Siku ile, mwenye namba za wateja daftarini aliweza kuwapigia simu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mitandao tuitumie, daftari tusilitupe.