Imla na Usahihishaji Wake: Kutoka Hati ya Kiarabu hadi Mashine

Nangara ni kata ya mji wa Babati, makao makuu ya mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Jina hilo likitamkwa mbele ya mashine iandikayo kwa kusikia, laweza kuandikwa nang'ara. Kikagua tahajia hakitalalamika, kwa kuwa nang'ara ni Kiswahili halali. Kosa lililovaa sura ya neno sahihi ndilo gumu kuliko yote kulikamata.

Tatizo hili ni kongwe. Katika hati ya Kiarabu waliyoitumia wazee wetu, ghaini moja iliweza kubeba gh, g, ng na ng'. Nayo ba ikabeba b, p na mb. Kwa hati hiyo, Nangara na nang'ara yangeweza kuandikwa sawasawa. Msomaji alilazimika kuliamua neno mwenyewe, na katika ushairi alikuwa na zana tatu. Mizani ilimwonyesha silabi iliyodondoka. Vina vilimwamulia sauti ya mwisho wa kipande. Palipobaki utata katikati ya mshororo, alimwendea ajuaye utungo kwa moyo.

Ndivyo zilivyotufikia tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840). Zilikaa vifuani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alipozikusanya na kuziandika. Mmisionari W. E. Taylor alishirikiana naye na kuzitilia maelezo, na mwaka 1940 William Hichens akazitoa kitabuni huko Johannesburg. Kati ya ulimi wa mtunzi na chapa ilipita karne nzima, na katika safari hiyo palihitajika sikio la mjuzi wa Kimvita.

Karne ya 20 ilileta zana za namna nyingine. Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ilisimamia tahajia moja; Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka mwaka 1981; na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka 2017 Google ikaongeza Kiswahili katika uandishi wa sauti, na mwaka 2021 mradi wa Common Voice wa Mozilla ukaanza kukusanya sauti za Waswahili wanaojitolea.

Zana hizi ni neema, lakini zina mpaka. Orodha ya maneno hukamata lisilokuwemo tu. Ikiwa mashine imeandika "walikula" mahali pa "walipiga kura", orodha hutulia. Tena huko Babati husemwa Kigorowa, Kiiraqw na Kirangi pamoja na Kiswahili, na majina ya watu na mahali yatokayo katika lugha hizo hayamo kamusini. Mashine huyavuta kuelekea neno inalolijua. Katika muhtasari wa mkutano au hati ya shamba, jina lililovutwa hivyo laweza kumpotezea mtu haki yake.

Kwa hiyo anayeandika kwa imla na aitunze sauti pamoja na maandishi, aiongezee programu yake majina ya mahali pake, kisha amsomee msemaji kilichoandikwa kabla hakijatiwa sahihi. Hati ya habari haina vina wala mizani ya kuilinda. Imebakiwa na zana ile ya tatu, yaani mtu ajuaye kilichosemwa.